Msandali: Kichaka Kisichoishi Peke Yake

Mashamba ya chai na kahawa ya Embu yanapoishia, ardhi huanza kukauka kuelekea Mbeere, na migunga na vichaka vya miiba hushika nafasi. Ukiteremka kutoka Meru kwenda Isiolo, mambo ni hayo hayo. Wapita njia wengi huliona pori tupu. Kumbe nchi kavu yenye mawe ya namna hiyo ndiyo inayoukubali msandali wa Afrika Mashariki, kichaka ambacho mafuta yake huuzwa ng'ambo kutengenezea manukato.

Kwa sura, msandali hauna mbwembwe. Majani yake ni magumu, ya kijani kinachoelekea kijivu, na maua ni madogo mno. Tunda likiiva huwa jekundu, na ndani yake mna mbegu moja tu.

Thamani yake imo katika kiini cha shina na mizizi. Ndiyo sababu mwizi hakati tawi. Huung'oa wote, asiache hata kisiki cha kuchipua. Isitoshe, msandali una mti dume na mti jike, nao wavunaji huuandama zaidi ule jike wakiamini una mafuta mengi. Jike ukimalizwa, dume hauzai.

Mwaka 2007 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake. Mwaka 2013, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Bangkok, uliiweka misandali ya Afrika Mashariki chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa. Hata hivyo, magendo hayajakoma.

Tena sheria inayosubiri lori barabarani haiwezi kuuokoa msandali uliopoteza majirani. Ingawa majani yake hujitengenezea chakula, mizizi yake hujishika kwenye mizizi ya mimea mingine na kufyonza maji na madini. Miongoni mwa mimea iliyotajwa na watafiti nchini Tanzania kuwa wenyeji wake ni Catha edulis, yaani miraa ya Igembe kule Meru na muguka wa Mbeere.

Lakini shamba la muguka si pori. Anayefyeka pori ili alime, au achome makaa, huondoa wenyeji kadhaa kwa mpigo pamoja na msandali wenyewe. Hata kitaluni mche wa msandali hauachwi peke yake: hupandwa na mche wa mmea mwenyeji, mizizi yao ikutane mapema.