Kivu Kusini: Matairi yasiyolingana, hatari isiyoonekana kwa malori ya mizigo

Ajali inapotokea kwenye miteremko ya Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, lawama huangukia haraka dereva, breki au ubovu wa barabara. Matairi husahaulika. Lakini lori lililofungwa matairi yasiyolingana hubeba hatari yake tangu linapotoka mjini.

Chanzo ni bei. Tairi moja likipasuka, mwenye gari hununua moja tu, mara nyingi la okazioni, na kwado analifunga kando ya lile la zamani. Kwa macho yanafanana. Ila lililotumika kidogo huwa kubwa zaidi, kwa sababu mpira wake haujaisha.

Shida huanzia nyuma, ambako matairi hufungwa mawili mawili kila upande. Tuseme moja lina kipenyo cha mita 1, na mwenzake amepungua kwa milimita 12. Kwa kuwa yote huzunguka pamoja, kila mzunguko dogo hubaki nyuma kwa karibu sentimita 4. Kwa kilomita 1, tofauti hiyo hufika mita 12. Kwa kilomita 100, zaidi ya kilomita 1. Yote huishia katika kuburuzana na kulika kwa mpira.

Wakati huo tairi kubwa ndilo linalobeba uzito mwingi. Linapata moto, linadhoofika, kisha linapasuka. Lililobaki hubeba mzigo wa mawili, na linaweza kupasuka pia. Tairi lenye upepo mdogo huleta madhara yaleyale, hata kama yote mawili ni mapya.

Matairi ya upande mmja yakiwa makubwa kuliko ya upande mwingine, diferansieli hufanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka, na meno yake huisha mapema. Kwa mbele, usukani huvuta upande mmoja. Dereva akishika breki wakati wa mvua, tairi lililoisha huteleza huku jingine likishika udongo, na gari linaweza kugeuka.

Kinga haihitaji mashine kubwa. Matairi yajazwe upepo sawa, kwa kupima na manometa; kuyagonga kwa chuma hakutoshi. Kisha kamba izungushwe kwenye kila tairi na urefu ulinganishwe. Tofauti ya sentimita 4 kwenye kamba ni ile ile ya milimita 12 kwenye kipenyo: matairi hayo yasifungwe pamoja. Aina pia isichanganywe kwenye ekseli moja, wala radiali na lile lisilo radiali.

Kipimo cha kamba huchukua dakika chache. Juu ya magunia ya mihogo na makaa huketi pia abiria, na hao hawana njia ya kujua kilichofungwa chini yao.