Kipepeo Hujulikana kwa Mti Wake

Wengi wetu tumwonapo kipepeo huishia kusifu pambo la mbawa zake. Lakini pambo hudanganya. Yuko wa rangi ya chungwa, ncha za mbawa nyeusi zenye mabaka meupe. Kiwavi wake hula majani yenye utomvu mweupe wa sumu, na ndege humwepuka. Yuko na jike mwingine aliyevaa vazi lilo hilo, hali hana sumu yoyote! Tazama mbawa ya nyuma: mwenye sumu ana nukta nyeusi tatu au nne katikati, mwigaji ana moja tu, ukingoni.

Ukikosa nukta, uliza mti. Yule mweusi mwenye madoa ya manjano hutaga juu ya mlimau, mdimu au mchungwa.

Ilimu hii ni riziki. Tangu mwaka 1993, wakulima wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wamefuga viwavi na kuuza pupa ng'ambo kupitia mradi wa Kipepeo, Gede. Kiwavi asipopata jani lake hufa njaa. Basi akataye mti msituni na ajue: huenda amekata na kipepeo wake.