Neno «serikali» katika somo la uraia

Mwalimu wa uraia katika darasa la saba na la nane hukutana na kizuizi cha lugha kabla ya kile cha sheria. Kwa wanafunzi wetu wengi «serikali» ni polisi, hakimu, mbunge na mtoza ushuru kwa pamoja, yaani yote yaitwayo Leta katika mazungumzo. Lakini Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ibara ya 68, yataja taasisi nne: Rais wa Jamhuri, Bunge, Serikali na Mahakama. Mamlaka ni tatu, taasisi nne, kwa kuwa ile ya utendaji imegawanywa kati ya Rais na Serikali.

Afadhali kuanza na tukio kuliko fasili. Tarehe 27 Januari 2021 Bunge la Taifa liliiondolea imani serikali ya Ilunga Ilunkamba, naye akajiuzulu, Rais alibaki. Nani alimwangusha nani, ikiwa wote ni «serikali»? Twapendekeza «Dola» kwa jumla, na «Serikali» kwa Waziri Mkuu na mawaziri tu.

Uzito wa jambo hili waonekana zaidi mahakamani. Ibara ya 149 yasema mamlaka ya hukumu ni huru. Mtoto aliyezoeshwa kwamba hakimu ni «mtu wa serikali» ataona ni kawaida waziri kumwagiza hukumu.