Picha zako kwenye Pathfinder: Kingmaker: jinsi ya kuzipanga zisipotee

Gemu ya Pathfinder: Kingmaker, iliyotoka mwaka 2018 kutoka Owlcat Games, inamruhusu anayecheza kwenye kompyuta kumpa mhusika wake sura yoyote anayotaka. Ishu huanza picha zikishakuwa kibao: ipi ni ya nani?

Zinakaa wapi?
Kila sura ina folda yake ndani ya folda kuu ya Portraits. Humo huwekwa picha tatu za PNG, na majina yake hayaguswi:

• Small: pikseli 185 kwa 242
• Medium: 330 kwa 432
• Fulllength: 692 kwa 1024

Majina yenye maana
Folda za namba tupu zinachanganya. Afadhali majina kama "mchawi_mzee" au "mchawi_binti". Aina ikitangulia, wachawi wote wanakaa pamoja na kumpata mmoja ni fasta.

Hapa ndipo wengi hukwama
Mchezo uliohifadhiwa hukumbuka jina la folda, sio picha yenyewe. Folda ikibadilishwa jina au kufutwa katikati ya safari, mhusika aliyechezwa kwa wiki kadhaa anapoteza sura yake. Kwa hiyo majina yapangwe kabla ya kuanza. Kama picha imechosha, zibadilishwe zile tatu za ndani, folda ibaki na jina lake.

Na anayehamia kompyuta mpya asibebe mchezo uliohifadhiwa peke yake. Folda ya Portraits nayo inakiliwa.