Uchunguzi wa Saratani Zambia: Na Sisi Wanaume Tumo



Mwaka 2006 ndugu zetu wa Zambia walianzisha, katika zahanati za serikali mjini Lusaka, kazi isiyohitaji mitambo mikubwa. Muuguzi aliyefunzwa hupaka siki kwenye shingo ya kizazi, husubiri kidogo, kisha hutazama. Mahali palipoanza kuharibika hugeuka peupe. Hupiga picha kwa kamera, na akiwa na shaka humwonyesha daktari. Mara nyingi dosari iliondolewa siku ile ile kwa baridi kali, na mama akarejea nyumbani. Kazi hiyo iliwekwa pamoja na huduma za Ukimwi, wala haikuwa kwa bahati tu.

Saratani ya shingo ya kizazi, karibu yote, huletwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Watu wengi huvipata, na aghalabu mwili huvishinda wenyewe katika muda wa miaka miwili. Hatari huanza vinapong'ang'ania. Kwa mwanamke mwenye virusi vya Ukimwi, hatari ya saratani hiyo ni mara 6 ya ile ya asiye navyo. Sigara nayo huizidisha, na uzazi wa mara nyingi pia.

Je, mwanamume anaingiaje hapa? Anaingia tangu mwanzo. Mwanamke asiyepata kumjua mwanamume mwingine maishani mwake aweza kuambukizwa na mumewe, ambaye mwenyewe hana kidonda wala maumivu. Wanawake ambao mume amekutana nao, kabla ya ndoa au baadaye, ni sehemu ya hatari inayomkabili mkewe. Askari aliyehamishwa vituo vingi hana haja ya kuelezwa zaidi.

Liko jambo moja linalovunja nyumba. Mke huenda kupimwa, akaambiwa ana virusi hivyo, na mume akageuka mpelelezi: nani kakuambukiza? Lakini polisi mzoefu hawezi kupeleka ushahidi kama huo mahakamani. Virusi hivi huweza kukaa kimya miaka mingi, na kipimo hakionyeshi viliingia lini wala vilitoka kwa nani. Mke anayeliogopa swali hilo hatakwenda kupimwa. Saratani hii huchukua kwa kawaida miaka 15 hata 20 kujijenga. Kwa mwenye Ukimwi asiyetibiwa, 5 hata 10. Katika muda wote huo siki ya muuguzi ingeweza kuifichua.