Levodopa, Dopamini na Viungo Visivyotulia

Ugonjwa wa Parkinson huanzia ndani kabisa ya ubongo, kwenye kijisehemu cheusi ambacho seli zake hutengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kuanza mwendo na kuutuliza. Mkono unapoanza kutetemeka ukiwa umepumzika, viungo vikakakamaa na hatua zikafupika, sehemu kubwa ya seli hizo huwa imekwisha kufa. Mvuvi mzee wa Kilwa Kivinje huanza kuona sindano ya kushonea nyavu haimtii tena, na nyumbani wakasema ni uzee.

Wengi huishia hapo bila tiba. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008 ulipita kwa zaidi ya watu 160,000 ukapata wagonjwa 33. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini.

Dawa kuu ni levodopa, ambayo ikifika ubongoni hugeuka dopamini. Walther Birkmayer na Oleh Hornykiewicz waliwadunga wagonjwa dawa hiyo huko Vienna mwaka 1961, na mwaka 1967 George Cotzias akaonyesha nchini Marekani kwamba dozi ya kumeza, ikipandishwa taratibu, humrudishia mgonjwa mwendo wake. Siku hizi huchanganywa na kabidopa ili isigeuke njiani na kuleta kichefuchefu.

Miaka ya mwanzo vidonge vitatu kwa siku hutosha, kwa kuwa seli zilizobaki huweka akiba. Akiba ikiisha, mwili hufuata dawa iliyomo kwenye damu, nayo hupungua nusu kwa takribani saa moja na nusu. Ikipanda, shingo, mabega na miguu hujinyonganyonga bila hiari. Ikishuka, mgonjwa huganda mlangoni asiweze kuvuka kizingiti. Huku Pwani ni rahisi mtu huyo kudhaniwa ana pepo, na vidonge vikawekwa kando.

Hata baadhi ya madaktari walikuwa wakichelewesha levodopa kwa kuhofia kujinyonganyonga huko. Utafiti uliolinganisha wagonjwa wa Ghana na wa Italia, uliochapishwa mwaka 2014, uliondoa hofu hiyo. Waghana walianza dawa wakiwa wamechelewa, lakini viungo vyao vilianza kuchezacheza baada ya muda uleule wa kuugua. Kinachochangia ni umri wa ugonjwa na ukubwa wa dozi. Kumnyima mgonjwa dawa mapema ni kumpotezea miaka yake mizuri.

Chakula nacho kina sehemu yake. Protini ya samaki, kitoweo cha kila siku Kivinje, hugombea njia moja na levodopa. Kidonge humezwa nusu saa kabla ya mlo, au saa moja na zaidi baadaye. Upupu wa vichakani una levodopa kwenye mbegu zake, iliyotambuliwa tangu 1937, ila kiasi chake hutofautiana sana, hivyo kuusaga na kuuchanganya na vidonge ni hatari.

Zipo pia dawa zinazoziba vipokezi vya dopamini: haloperidoli kwa maradhi ya akili, metoklopramidi kwa kutapika. Hizo huweza kuleta mtetemeko unaofanana na Parkinson kwa mtu asiye nayo, na kumzidishia aliye nayo.

Viungo vikizidi kucheza, daktari hugawa dozi iwe ndogo na ya mara kwa mara, au huongeza amantadini. Kuacha levodopa ghafla kwaweza kuleta homa kali na mkakamao unaoua.