Baada ya Kutundika Daluga



Hapa Muyama, kama ilivyo kote Kasulu na Kibondo, mtoto wa kiume hujua kupiga mpira kabla hajajua kusoma. Mpira wenyewe mara nyingi ni wa matambara au majani makavu ya mgomba yaliyofungwa kamba. Hilo halina ubaya. Lakini mtoto anapofika darasa la saba akasema shule haina kazi kwake kwa kuwa atachezea Simba au Yanga, mama hukosa usingizi. Je, amkataze mpira?

Asimkataze. Mkoa wetu wa Kigoma umemtoa Juma Kaseja, kipa aliyedakia Simba, Yanga na Taifa Stars. Kipaji ni zawadi ya Mungu. Ila miguu ina umri wake. Wachezaji wengi hutundika daluga kabla ya kufika miaka 40, wakati watoto wao bado wanahitaji ada na sare. Hapo ndipo huonekana mtu alijiwekea nini kichwani.

Mfano wa Ally Mayay

Ally Mayay alikuwa nahodha wa Yanga na wa Taifa Stars. Alipoacha kucheza hakuishia vijiweni kusimulia enzi zake. Alikuwa mchambuzi wa soka, na watazamaji wa Azam TV wakamzoea akieleza mechi za Ligi Kuu.

Kazi hiyo si porojo. Mchambuzi hutazama bao likirudiwa, kisha aeleze lilianzia wapi: nani aliacha nafasi yake, nani alichelewa kurudi, kwa nini mshambuliaji hakuwa ameotea. Lazima asome, aandike kumbukumbu, na aseme Kiswahili kinachoeleweka hata na bibi aliyekaa nyuma katika kibanda umiza.

Tena lazima awe mwadilifu. Fikirini, mtu aliyevaa jezi ya Yanga akiwa nahodha anatakiwa kuisifu Simba inapostahili, na kutaja makosa ya timu yake ya zamani huku nchi nzima ikimsikiliza. Anayependelea hupoteza heshima, na bila heshima maneno yake hayana thamani.

Mwezi Agosti 2017, Mayay aligombea urais wa TFF katika uchaguzi uliofanyika Dodoma. Hakushinda, aliyechaguliwa ni Wallace Karia. Kushindwa huko hakukuwa mwisho wake. Mwaka 2022 alipewa dhamana serikalini, katika idara ya maendeleo ya michezo. Miguu ilikuwa imestaafu zamani, lakini ujuzi, ulimi na jina jema viliendelea kufanya kazi.

Mama afanye nini?

Kwanza, usiugombanishe mpira na shule. Upangie kila kimoja saa yake: madaftari na kuni kwanza, uwanja baadaye.

Pili, mwanao akirudi kutoka uwanjani usimwulize tu kama wameshinda. Mwulize: "Mmefungwaje?" Akijibu kwamba refa aliwapendelea wenzao, mwambie afikiri tena. Mtoto anayeweza kueleza kosa lake bila kumsingizia mwingine amekwisha kuanza kuwa mchambuzi, na atakuwa mume na baba mwema pia.

Tatu, mfundishe kuusifu upande wa pili. Mtoto anayekubali kwamba jirani alicheza vizuri zaidi hatasumbuliwa na wivu ukubwani.

Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 9, alitumia mfano wa wanamichezo kutufundisha kujitawala. Mazoezi hayo huanzia nyumbani, jikoni na shambani, chini ya macho ya mama. Si kila mtoto wa Muyama atachezea Taifa Stars. Lakini kila mmoja anaweza kujifunza kusema kweli, kukubali kushindwa na kuanza upya.

Mungu awabariki katika malezi.